Ukiugua ukiwa chuoni ughaibuni, nani analipa na lini? Uingereza, Ujerumani, India na Marekani

Mtu akipata barua mbili tatu za udahili hulinganisha ada, kodi ya chumba na nafasi ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo. Afya huingia mwishoni, siku fomu ya visa inapodai bima, na hapo hununuliwa ile ya bei ya chini kabisa ili safari isikwame. Kwa kijana mzima wa miaka 20 huenda asione tofauti mwaka mzima. Lakini kama una pumu, kisukari au seli mundu, kama unatumia ARV, au kama unasafiri na mke au mume na watoto, ukichagua nchi umeshachagua na matibabu yako.

Nitalinganisha nchi nne zinazopokea wanafunzi wengi kutoka kwetu, na China nitaigusa kwa kifupi. Ubora wa madaktari siushindanishi, maana wazuri wapo kote. Ninachoangalia ni mlango wa kuingilia: unapokelewaje, unalipa wakati gani, na ukizidiwa usiku nani atashughulika.

| Nchi | Gharama kuu | Unalipa lini | Dharura |
|---|---|---|---|
| Uingereza | pauni 776 kwa mwaka | yote kwa mpigo, wakati wa kuomba visa | 999. Ushauri 111 |
| Ujerumani | kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi, chini ya miaka 30 | kila mwezi | 112. Usiku na wikiendi 116117 |
| India | bima ya chuo au binafsi, bei hutofautiana sana | mara nyingi amana kabla ya kupewa kitanda | 112. Ambulensi 108 |
| Marekani | bima ya chuo, mara nyingi dola elfu kadhaa kwa mwaka | pamoja na ada, kisha sehemu yako kila ukitibiwa | 911. Msongo wa mawazo 988 |

Uingereza: umelipa kabla hujapanda ndege

Ada ya afya kwa wageni, wenyewe huiita IHS, imekuwa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi tangu Februari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 470. Hakuna awamu, maombi ya visa hayaendi mbele mpaka umelipia muda wote wa visa. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kozi ya uzamili ya miezi 12 hupewa visa ndefu kuliko kozi yenyewe, kwa kuwa inaongezwa miezi kadhaa baada ya masomo, kwa hiyo utatozwa mwaka na nusu: pauni 1,164. Mzazi aliyetenga 776 anagundua pengo hilo usiku wa kutuma maombi, kadi ya benki ikiwa mkononi.

Ukishalipa, unatibiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma, kama mkazi mwingine. Kumwona daktari, kulazwa, kupasuliwa, kujifungua, yote hayo hayana dirisha la malipo. Unachotakiwa ni kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, yaani GP, wiki ya kwanza ukiwa bado mzima. Ukingoja mpaka uugue, unajaza fomu huku unatetemeka kwa homa.

Bei halisi ya Uingereza ni kusubiri. Kliniki nyingi hufungua simu saa mbili asubuhi, na mara nyingi nafasi za siku hiyo huwa zimekwisha kabla hata chai haijapoa. Unapiga, unasikiliza muziki, unaambiwa wewe ni wa kumi na nne kwenye foleni. Ukifika kwa daktari atakusikiliza vizuri, ila rufaa ya kwa bingwa inaweza kuchukua miezi. Kwa dharura ya kweli hawasubirishi hivyo. Kwa goti linalouma tangu sekondari, jiandae kumaliza shahada nalo.

Jambo ambalo wakala wa vyuo hawakwambii ni kwamba Uingereza yenyewe ina tofauti ndani yake. England unalipia pauni 9.90 kwa kila dawa uliyoandikiwa, na bei hiyo ni ya mwaka 2025. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za kuandikiwa ni bure. Mwenye kisukari anayetumia dawa amesamehewa hata England, lakini mwenye pumu au seli mundu hamo kwenye orodha ya msamaha. Wanaotumia dawa nyingi hununua cheti cha kulipia mwaka mzima, pauni 114.50, na hapo huokoa. Kwa hiyo mwenye pumu aliyedahiliwa Leicester ya England na Glasgow ya Scotland, kozi zikiwa zinalingana, ana sababu ya kupanda juu kaskazini, akubali tu na baridi yake. Dawa za VVU ni bure kote.

Kwa seli mundu, London ina sifa yake. Jiji lina wakazi wengi wenye asili ya Afrika Magharibi na Karibiani, na hospitali zake kubwa zimezoea ugonjwa huu. Ukifika na maumivu makali huanzi kwa kueleza ugonjwa wenyewe ni nini.

Meno ni habari nyingine. Daktari wa meno wa NHS si bure, na kumpata anayepokea wagonjwa wapya ni kazi. Ziba jino lako Dar, Mombasa au Kampala kabla hujaondoka.

Kabla ya visa utapimwa kifua kikuu; Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha, na cheti hudumu miezi sita. Ukiwa chini ya miaka 25, omba chanjo ya MenACWY mara ukijiandikisha. Ni bure, na homa ya uti wa mgongo hupenda mabweni. Kuhusu usalama wa mtaani, London wezi wa simu hupita na baiskeli au pikipiki wakaichomoa mkononi mwako ukiwa unatafuta njia kwenye ramani. Simama ukutani, angalia, rudisha mfukoni.

Ujerumani: kila mwezi, lakini tazama umri wako

Bima ni sharti la kisheria. Bila uthibitisho wake chuo hakikusajili. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 huingia kwenye bima ya umma kwa bei maalumu, kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi ikijumlishwa na mchango wa bima ya uangalizi wa wazee na wasiojiweza. Kwa mwaka hiyo ni kama euro 1,700 hadi 1,800, karibu mara mbili ya ile ya Uingereza. Ila kumbuka vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg ndiyo inayojulikana kwa kutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, euro 1,500 kwa muhula. Ukijumlisha vyote, Ujerumani bado ni nafuu.

Unapewa kadi yenye picha yako. Unaiingiza kwenye mashine ya mapokezi, unakaa, unaitwa. Hakuna noti inayotoka mfukoni. Dawa za kuandikiwa unachangia euro 5 hadi 10 kila moja, kulazwa euro 10 kwa siku, na matibabu ya kawaida ya meno yamo. Na kwa wenye familia hili ni kubwa: mwenza asiye na kipato na watoto huingia kwenye kadi yako bila nyongeza. Uingereza kila mtoto angelipiwa 776 yake, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi za kufundishwa darasani, zisizo za utafiti, hawezi hata kuwaleta.

Sasa umri. Bei ya mwanafunzi hukoma muhula unapotimiza miaka 30. Kwetu watu wengi huenda uzamili baada ya kufundisha au kufanya kazi hospitalini miaka sita saba, wana 32, wana 35. Hao mara nyingi hawapokelewi na bima ya umma na huishia kwenye bima binafsi. Wanaosoma uzamivu pia wengi hawaingii kwenye bei hiyo. Waliopata ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, hawana hofu hii, maana bima huwa ndani ya ufadhili. Wengine waulize bima kabla ya kukubali nafasi.

Mtego upo pia kwa vijana. Ukitafuta bima mtandaoni utakutana na mpango binafsi wa euro 30 au 40 kwa mwezi, tovuti nzuri, kila kitu kwa Kiingereza. Ukiuchukua na ukaomba kusamehewa bima ya umma, msamaha huo haufutiki kwa muda wote wa masomo. Kisha unasoma maandishi madogo: magonjwa uliyokuwa nayo kabla hayalipiwi, ujauzito mara nyingi haulipiwi, na kuna kikomo cha malipo. Mipango hiyo inafaa kwa wiki za kati ya kutua uwanja wa ndege na kusajiliwa chuoni, basi.

Lugha ndiyo ngazi ya kupanda. Daktari mwenyewe huenda akazungumza Kiingereza, lakini anayepokea simu mara nyingi ni Kijerumani tupu. Jifunze sentensi kumi za kueleza maumivu kabla ya zile za kuagiza chakula. Jumapili maduka ya dawa hufungwa, isipokuwa lile la zamu, ambalo jina lake hubandikwa kwenye mlango wa mengine yote. Usikae chumbani na homa ukidhani hakuna dawa mpaka Jumatatu. Piga 116117.

Wajerumani pia hukata bima ya kulipia hasara unayomsababishia mwingine: umegonga gari la mtu kwa baiskeli, umefurika maji chumba cha chini. Si ya lazima, ni ya bei ndogo kwa mwaka. Ningeichukua.

India: hospitali ipo karibu, mtu wa kukuuguza yuko wapi?

India ndiko Waafrika Mashariki wengi huenda kutibiwa, kwa hiyo hakuna anayehitaji kushawishiwa kuhusu madaktari wake. Bei za hospitali binafsi za Bengaluru, Pune au Chennai ni ndogo kuliko za Ulaya kwa mbali, na za serikali ni ndogo zaidi, ila zimefurika watu.

Tatizo ni utaratibu wa kupokelewa, na kwa kweli tunaufahamu kutoka nyumbani. Kwanza dirisha la malipo na amana, kisha kitanda. Bima ya chuo inaweza kulipa moja kwa moja au ikakutaka ulipe ukadai baadaye, na tofauti hiyo ndiyo swali la kwanza la kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Pili, hospitali hutarajia mgonjwa awe na mtu wake. Yeye ndiye anashuka na karatasi ya dawa, anapanga foleni duka la chini, anarudi na mfuko, anasaini, analala kwenye benchi. Nyumbani hilo hufanywa na dada au shangazi. Pale Punjab, saa nane usiku, ni mwenzako wa chumba. Kubalianeni mapema, kila mmoja awe na nakala ya pasi ya mwenzake na akiba ndogo ya dharura. Kati ya nchi hizi zote, hapa ndipo marafiki wana thamani kubwa kuliko karatasi ya bima.

Karatasi nazo zina wakati wake. Kutoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, India hudai cheti cha homa ya manjano, na ukikikosa unaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa naye asijiamini sana, achanje tu. Chanjo hutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na cheti chake sasa ni cha maisha. Ukifika, visa ya zaidi ya siku 180 inakutaka ujisajili FRRO, ofisi ya kusajili wageni, ndani ya siku 14.

Usalama nausema wazi. Januari 2016 umati ulimshambulia mwanafunzi wa kike wa Kitanzania pembezoni mwa Bengaluru kwa ajali asiyohusika nayo. Machi 2017 wanafunzi wa Kiafrika walipigwa Greater Noida. Maelfu husoma na kurudi salama, lakini mtu mweusi hujulikana upesi mtaani, na mwaka wa kwanza hosteli ya chuo, hata ile inayofunga geti mapema, ni bora kuliko chumba cha kupanga mbali. Ajali ikitokea barabarani na watu wakaanza kukusanyika, usingoje kuona mwisho wake.

Mvua za Juni hadi Septemba huleta mbu wa dengi. Novemba hewa ya Delhi huwa nzito kiasi kwamba mwenye pumu afikirie mji mwingine kabisa. Bengaluru ni afadhali. Mawazo yakikuzidi, kuna Tele-MANAS, 14416, huduma ya serikali ya simu bila malipo.

Marekani, na neno moja kuhusu China

Marekani nitaifupisha, kwa sababu jibu lake linategemea karibu kitu kimoja: ufadhili wako unalipa bima yote au haulipi? Kama unalipa, nenda, kliniki za vyuo vyao ni nzuri sana. Kama hulipiwi, ihesabu bima kama sehemu ya ada. Mwenye visa ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, anabanwa na sheria: bima ilipe angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na kiasi unachobeba mwenyewe kabla ya bima kuanza kisizidi dola 500. Visa ya F-1, ile ya kawaida ya mwanafunzi, haina sharti hilo la serikali. Chuo ndicho huamua, na vingi hulazimisha.

Hata ukiwa na bima, kila ukitibiwa una sehemu yako ya kulipa, na hospitali isiyo kwenye orodha ya zinazoshirikiana na bima yako hugeuka deni. Chumba cha dharura cha hospitali hakiruhusiwi kukufukuza bila kukuangalia, sheria ya 1986 inakataza, ila bili itakufuata nyumbani kwa posta. Kwa homa au jeraha dogo anzia kliniki ya chuo, au zile kliniki za haraka za mitaani, kabla hujaita gari la wagonjwa.

China bima ya wanafunzi wa kigeni ni yuan 800 kwa mwaka, bei ndogo kuliko za Ulaya na Marekani. Hospitalini unalipia kila hatua: kujiandikisha, kipimo, dawa. Na utafanyiwa uchunguzi wa mwili kwa ajili ya kibali cha kukaa, ukiwemo wa damu kwa VVU na kaswende. Kama una hali yoyote ya namna hiyo, ulizia kwa uangalifu kabla hujatuma maombi, usisubiri kufika.

Homa ya mwezi wa kwanza

Hapa India inawashinda wazungu. Ukiingia kliniki ya Pune na homa, daktari anawaza malaria na dengi mara moja. Ukiingia kliniki ya Leipzig, Ujerumani, anawaza mafua. Lazima useme mwenyewe, kabla hajamaliza salamu: nimetoka Tanzania wiki tatu zilizopita, naomba kipimo cha malaria leo. London ina Hospital for Tropical Diseases na Hamburg ina Taasisi ya Bernhard Nocht, lakini kliniki ya mtaani haitakupeleka huko kama hujasema umetoka wapi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Ukikaa mwaka mmoja miwili bila kuumwa na mbu wa malaria, kinga uliyojijengea utotoni hupungua. Ukirudi likizo Tanga au Kisumu, wewe ni mgeni kama mtalii. Uingereza, malaria nyingi wanazozitibu ni za watu waliokwenda kutembelea ndugu zao Afrika. Meza dawa ya kinga, hata wajomba wakicheka.

Kuhusu begi: antibiotiki Ulaya haziuzwi bila karatasi ya daktari, kwa hiyo lile zoea la kwenda duka la dawa kuomba amoksilini litakufa. Dawa zako za kila siku beba na barua ya daktari, kwa Kiingereza, yenye jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni. Tramadoli ni dawa ya kudhibitiwa Uingereza. Na mirungi, au miraa kwa ndugu zetu wa Meru, ni marufuku huko tangu Juni 2014. Kitita cha zawadi kinaweza kumaliza masomo kabla hayajaanza.

Kwa walio Ulaya, Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. NHS hushauri watu weusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ndogo, dukani.

Ningechagua hivi

Chini ya miaka 30, miaka miwili au zaidi ya masomo, hasa ukiwa na mwenza na watoto: Ujerumani, bima ya umma, bila kuyumba. Juu ya miaka 30 na kozi ya mwaka mmoja: Uingereza, na kama unameza dawa kila siku, Scotland au Wales kwanza. Seli mundu: London, hata kama chumba ni ghali. India kwa mwenye bajeti ndogo, afya njema na rafiki aliyetangulia katika chuo hicho hicho. Marekani kwa mwenye ufadhili kamili tu.

Limebaki swali ambalo wazazi hulifikiri na hawalitamki: akifa? Ada ya afya ya Uingereza hailipi kurudisha mwili nyumbani, na bima ya umma ya Ujerumani hailipi pia. Ajabu ni kwamba Marekani, yenye mfumo wa ghali kuliko yote, ndiyo inayomlazimisha mwanafunzi wa J-1 kuwa na dola 25,000 za kurudisha mwili na 50,000 za kumsafirisha akiwa mgonjwa. Kwingine ndiyo ile michango ya makundi ya WhatsApp tunayoijua, Watanzania wa Manchester wakichangia mtoto wa mtu wasiyemfahamu. Kuna bima za safari za bei ya wastani zenye kifungu hicho peke yake. Kitafute kwenye mkataba kwa jina, soma kiasi, angalia kama kinafika hadi kijijini au kinaishia uwanja wa ndege, na nakala yake aachiwe mtu mmoja nyumbani anayejua kupiga simu ya bima hiyo.